Maji chini ya mashine: Kabla ya kuziba, jua yanatoka wapi

Na Mwandishi Wetu, Kitai

MAMA mmoja anayenunua usipa kwa jumla katika njia panda ya Kitai, wilayani Mbinga, alifungua gunia, akaingiza mkono hadi chini, akautoa na kuunusa. "Kaka, wa juu ni mzuri," aliniambia. "Lakini huu wa chini umeshanyonya maji. Siwezi kuwapelekea wateja wangu wa Songea."

Magunia ya namna hiyo yalikuwa 6 kati ya 40. Mwenye mzigo ni binamu yangu. Hakubisha, kwa sababu ilikuwa safari yake ya tatu mfululizo kupunguziwa bei kwa kosa hilo hilo, na kila mara alikuwa akimlaumu mwenye lori.

Kitai ipo katika barabara ya Songea hadi Mbinga, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa, umbali wa zaidi ya kilomita 80. Wengi siku hizi wanaifahamu kwa malori ya makaa ya mawe, lakini kwa mfanyabiashara mdogo Kitai ni mahali ambapo mzigo wa ziwani hukutana na mnunuzi wa nchi kavu. Hapo ndipo bei inaposemwa, na hapo ndipo makosa yote yaliyofanyika nyuma yanapolipiwa.

Nilitazama magunia yale vizuri. Ilikuwa Agosti, mvua hakuna. Tena magunia yaliyoloa yalikuwa juu kabisa ya lori. Mzigo ukihamishwa, gunia la mwisho kutoka kwenye boti ndilo la mwisho kupakiwa kwenye lori. Kwa hiyo, yaliyokuwa juu kwenye lori ndiyo yaliyokuwa chini kabisa kwenye boti. Mwenye lori hakuwa na hatia. Maji yalikuwa yametoka ziwani.

Nikamwambia binamu yangu kwamba kabla hajatafuta lori jingine, twende Lituhi tukaitazame boti yake.

Hasara iliyokwishalipiwa mara mbili

Boti hiyo ni ya mbao, ina mlingoti na tanga, na sehemu ya nyuma imefungwa mashine ya dizeli. Hufanya safari kati ya Liuli na Lituhi, mwendo wa saa 5 hivi ziwa likiwa limetulia. Upepo ukiwa mzuri hutumia tanga na kuokoa mafuta; upepo ukikataa, huwasha mashine.

Nahodha alikiri kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akikuta maji chini ya mashine. Kila wakifika Lituhi walikuwa wakikumba karibu nusu ya ndoo ya lita 20. Kwa kuwa hakuna aliyejua yanakotoka, kila mtu alikuwa na jibu lake.

Wa kwanza alisema ni mbao. Boti ikapandishwa ufukweni, vijana wakalipwa, ikapigwa kalafati upya kwa pamba na mafuta. Safari iliyofuata maji yakarudi. Wa pili alisema ni pale shafti ya rafadha inapotoboa boti kwenda nje. Pakakazwa kwa spana mpaka mwisho. Maji yakapungua kidogo, kisha yakarudi vile vile. Wa tatu akashauri inunuliwe mashine nyingine.

Binamu yangu alikuwa ameshalipa matengenezo mara mbili, na yote mawili yalikuwa ya kitu ambacho hakikuharibika. Hii ni hasara ambayo wakulima na wafanyabiashara wengi hawaiandiki popote, kwa sababu inaitwa "matengenezo".

Hebu tupige hesabu ya mfano. Msomaji anaweza kuweka bei za kwake. Tuseme kila gunia lililoloa linapunguzwa sh. 20,000. Magunia 6 ni sh. 120,000 kwa safari. Boti ikifanya safari 4 kwa mwezi, ni sh. 480,000. Hapo hatujahesabu kalafati, ujira wa vijana, wala siku ambazo boti ililala ufukweni bila kazi.

Na ni maji kiasi gani yanayoleta hasara hiyo? Lita 10 kwa saa 5 ni lita 2 kwa saa, yaani karibu vijiko 7 vya chai kila dakika. Ni mtiririko mwembamba kama uzi, ambao mtu aliyesimama juu ya mashine inayonguruma hawezi kuuona.

Anza na kipimo kisichogharimu

Tulimwomba mzee mmoja fundi, aliyetumia miaka mingi kutengeneza mashine za kusaga na za kukoboa kahawa huko Mbinga, aje Lituhi. Hakufungua mfuko wa spana. Aliomba vitambaa vikavu, tochi na magazeti ya zamani.

"Mwanangu, mashine haifunguliwi kwa kukisia," alimwambia binamu yangu. "Kwanza tuulize maji yanakuja saa ngapi."

Mabaharia wa pwani, kuanzia Mafia hadi Lamu, wana kipimo chepesi: huyaonja maji. Yakiwa ya chumvi yametoka baharini; yakiwa matamu ni ya mvua, au ya pipa la kunywa lililovuja. Kwetu Nyasa kipimo hicho hakisaidii, maana maji ya ziwa, ya mvua na ya pipa yote ni matamu. Fundi wa ziwani lazima atumie macho na subira.

Jioni hiyo walikumba maji yote, wakapangusa sehemu ya chini kabisa ya chombo, ile ambayo watu wa pwani huiita ngama, mpaka ikakauka. Boti ikalala imefungwa ufukweni. Asubuhi tulikuta unyevu tu, hakuna maji ya kukumba. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza: boti ikitulia, maji hayaingii.

Lakini dalili hiyo peke yake haitoshi. Mbao zinaweza kukaza boti ikitulia na kuachia inapopigwa na mawimbi. Kwa hiyo, mzee akaagiza mashine iwashwe boti ikiwa bado imefungwa, bila kuingiza gia. Hapo shafti haizunguki na mbao hazisukwisukwi na mawimbi. Baada ya dakika 20 mashine ikazimwa. Chini yake kulikuwa na maji.

Kwa vipimo viwili ambavyo gharama yake ilikuwa dizeli kidogo, washtakiwa wawili wakubwa, yaani mbao na shafti, wakaachiwa. Akabaki mmoja: maji ya kupoozea mashine. Mashine hiyo huvuta maji ya ziwa kwa pampu, yakaizunguka na kuipooza, kisha yakatupwa nje pamoja na moshi. Mahali fulani katika safari hiyo palikuwa panavuja.

Gazeti lililoonyesha njia

Mzee akapangusa mashine yote, kisha akatandaza kurasa za magazeti chini yake, moja moja, kutoka mbele hadi nyuma. Mashine ikawashwa tena.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza kufumbuka. Siku zote maji yalionekana nyuma, karibu na shafti, ndiyo maana shafti ikashukiwa. Lakini gazeti la kwanza kuloa lilikuwa la mbele, upande wa kushoto. Sababu ni nyepesi: boti hii ikiwa safarini hukaa nyuma zaidi kuliko mbele, hivyo tone linalodondoka mbele hutambaa juu ya mbao zilizobeba mashine, likakusanyika nyuma. Mahali maji yanapokaa si lazima pawe mahali yanapotoka.

Mashine ikazimwa. Mzee akachukua kipande cha karatasi kavu, akaanza kugusa kila kiungo kilichopo juu ya gazeti lile, kutoka juu kwenda chini. Kanuni yake ilikuwa moja: sehemu ya juu kabisa iliyoloa ndiyo mwanzo. Mipira ya maji ilikuwa mikavu. Klipu zake zilikuwa kavu. Kifuniko cha pampu kilikuwa kikavu. Karatasi iliporudi ikiwa imeloa, ilikuwa imegusa kitundu kidogo kilichopo chini ya mwili wa pampu, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona.

Binamu yangu alifurahi kama aliyeshika mwizi. Akatuma kijana dukani akanunue gundi ya kuziba.

"Gundi ya nini?" mzee aliuliza. "Ukikiziba hicho, umeiua mashine yako."

Kitundu kilichowekwa makusudi

Akatueleza. Ndani ya pampu kuna mhimili mmoja. Upande mmoja unazungusha maji, upande wa pili umeingia kwenye mashine ambako kuna oili. Katikati kuna sili mbili: moja inazuia maji, nyingine inazuia oili. Kati ya sili hizo, mtengenezaji ameacha kitundu cha kutokea nje. Sili ya maji ikichoka, maji hutoka hapo na kudondoka, ili mwenye mashine ayaone. Yakitoka ya oili, basi ni sili ya pili imechoka.

Ukiziba kitundu hicho, maji hayakosi pa kwenda. Yatasukuma sili ya pili na kuingia kwenye oili. Oili ikichanganyika na maji hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, na inapoteza nguvu ya kulainisha vyuma. Mwisho wake ni mashine kugoma, pengine katikati ya ziwa ambalo kina chake kinafika mita 700, na katika miezi ya upepo mkali wa kusini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kwanza ujue kama huo ni ufa au ni mlango.

Tulichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa bado safi. Pampu ikafunguliwa, sili zote mbili zikabadilishwa pamoja na gasketi, na mhimili ukakaguliwa kama haujalika pale sili inapokaa, kwa sababu ukilika hata sili mpya haidumu.

Mzee akarudi pia kwenye shafti iliyokuwa imekazwa mpaka mwisho. Pale shafti inapopita pamefungwa nyuzi zilizopakwa grisi, nazo zinahitaji maji kidogo ili zisiungue. Shafti ikizunguka, pale panapaswa kudondosha matone machache kwa dakika. Kukaza mpaka pakauke kabisa ni kuifanya shafti ipate joto na kulika. Akalegeza, akaweka kopo la kukinga. Tiba ya ugonjwa usiokuwepo ilikuwa imeanza kuleta ugonjwa wa kweli.

Kwa nini kupandisha boti kulistahili kuwa mwisho

Kila chombo kina siku yake ya kupandishwa nchi kavu. Hata Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa kwa matengenezo pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, meli ya Waingereza Guendolen ilipoifuata na kuishambulia. Kupandisha chombo ni kazi nzito, na siku hizo chombo hakizalishi. Ndiyo maana kipimo cha namna hiyo hufanywa baada ya vile vyepesi kushindwa, si kabla.

Hata hivyo, uvujaji wa maji si suala la bei peke yake. Kama boti inabeba abiria, ukaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na majaketi ya kuokolea maisha si mambo ya kukwepa.

Somo kwa asiye na boti

Msomaji wa Kigonsera au Mbinga mjini atasema yeye hana boti. Lakini pampu ya kumwagilia bustani, pampu ya maji ya gari na mashine nyingine nyingi zina kitundu cha namna hiyo. Utaratibu wa mzee unafaa kote:

- Kausha kwanza. Huwezi kufuata tone jipya penye maji ya jana.
- Uliza maji yanakuja lini: mashine ikizimwa, ikiwaka bila kazi, au ikifanya kazi.
- Tandaza karatasi chini, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa iliyoloa. Zima mashine kabla ya kupeleka mkono, na usivae nguo inayoning'inia karibu na mikanda.
- Pima oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, usiwashe tena mpaka fundi aione.
- Usizibe kitundu usichojua kazi yake.
- Andika kila matengenezo: tarehe, gharama, na kama tatizo liliisha. Daftari ndilo litakaloonyesha kama unatengeneza au unakisia.

Kwa wenye boti za mizigo, nyongeza ni moja: magunia yasilazwe moja kwa moja juu ya ngama. Tengeneza kichanja cha mbao, kwa sababu boti ya mbao haikosi maji kidogo hata ikiwa nzima.

Majuma mawili baadaye nilikuwa tena Kitai. Mama yule aliingiza mkono katika gunia moja baada ya jingine, akaunusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Magunia 40 yote yalikuwa makavu. Kisha akataja bei, na ilikuwa ndogo kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa usipa ulikuwa umejaa sokoni juma hilo.

Binamu yangu aliguna, lakini safari hii alikuwa na uwezo wa kukataa. Usipa mkavu unaweza kusubiri bei, uliolowa hausubiri. Aliyaweka magunia 15 stoo hadi juma lililofuata.