Faini ya Dereva Si Fidia ya Aliyeumia

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya mtu aliyeumizwa barabarani, na haki aliyo nayo mbele ya sheria. Sisi tukaao chini ya mlima Meru twaijua ajali. Tarehe 6 Mei 2017 basi lililochukua watoto wa shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilaya ya Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Tarehe 24 Februari 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, katika barabara iendayo Namanga, lori liliyagonga magari mengine matatu, na watu 25 wakafa. Mambo makubwa namna hiyo hutangazwa kila mahali, na nchi nzima hulia. Lakini ziko ajali nyingi ndogo ambazo hazitangazwi hata kidogo, na humo ndimo haki za watu hupotea kimya kimya.

Tuseme mama mmoja anarudi kutoka soko la Tengeru na kikapu chake, amesimama kando ya njia, na gari likamvunja mguu. Polisi wanakuja, dereva anapelekwa mahakamani, anatozwa faini, naye anakwenda zake. Yule mama amelala kitandani, shamba lake la migomba limeota majani, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule. Jirani zake humwambia, “Ngoja, faini imelipwa, utaitwa.” Haitwi. Faini ile imeingia katika hazina ya serikali, kwa kuwa dereva aliivunja sheria ya nchi. Mguu wa mama ni jambo la pili, nalo lina njia yake. Ni kweli kwamba hakimu wa kesi ya jinai ana uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe aliyeumia. Lakini anayekaa akiingoja amri hiyo, pasipo kudai mwenyewe, huenda akangoja mpaka muda umpite.

Wala fidia si jambo geni lililoletwa na mahakama za kizungu. Wazee wa Kiarusha walikuwa wakikaa pamoja, wakayasikiliza maneno ya pande zote mbili, mpaka wapatane juu ya malipo ya aliyedhurika. Mtaalamu mmoja, P. H. Gulliver, aliyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1963. Mapatano ni mazuri, nasi hatuyadharau. Hatari iko hapa: siku ya tatu baada ya ajali, ndugu za dereva huja na mbuzi, sukari, na fedha kidogo, na pamoja na hizo huja karatasi yenye maneno “sina madai tena.” Mgonjwa, hali maumivu yamemzidi, hutia dole gumba. Mbuzi na apokewe, kwa kuwa kumpa mtu pole ni utu. Ile karatasi isitiwe sahihi mpaka daktari amesema kama mguu utapona au la.

Pengine mtasema, “Dereva ni maskini, tutamdai nini?” Hapo ndipo ilipo faida ya bima. Katika nchi hii sheria ya bima ya magari ilitungwa mwaka 1945, nayo ingali ikitumika pamoja na mabadiliko yake. Humkataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani bila bima ya kuwalipia watu wengine atakaowadhuru. Kwa hiyo mlipaji hasa ni kampuni ya bima. Bima hiyo ya lazima humhusu mtembea kwa miguu, na abiria aliyelipa nauli. Mtu aliyepewa lifti ya bure katika gari la rafiki yake hana uhakika huo, nalo ni jambo ambalo wengi hawalijui. Na lori likitoka Kenya, kama yapitayo Namanga usiku na mchana, litafutiwe Kadi ya Njano, ambayo ni bima inayotambuliwa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo.

Basi mtu afanye nini? Kwanza aokolewe, apelekwe hospitali. Wakati huo ndugu mmoja aandike namba ya gari, kwa maana kwa namba hiyo bima yake hujulikana. Aandike pia majina ya walioona. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, ambayo daktari hujaza habari za majeraha. Na uchunguzi wao ukiisha hutoa taarifa ya ajali, PF90, ambayo kampuni ya bima huitaka. Risiti zote zitunzwe: za dawa, za magongo, hata za nauli ya kwenda hospitali ya Mount Meru na kurudi. Sisi walimu tumezoea kuwahimiza watoto watunze daftari, lakini watu wazima hufungia chumvi kwa risiti! Mahakama hairudishi gharama iliyotajwa kwa mdomo tu; hutaka ithibitishwe. Maumivu na kilema hayana risiti, na hayo hakimu huyakadiria mwenyewe kwa kuitazama taarifa ya daktari.

Kampuni ikikataa, au ikitoa kidogo mno, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ziko na mahakama. Hapa watu hukosea mlango: wengi hukimbilia Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nao, lakini madai ya uzembe wa dereva hupelekwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Muda wake ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Na mtu akifa, madai hayafi pamoja naye. Mke au mume, watoto na wazazi waliomtegemea waweza kudai. Hakimu atauliza pia kama aliyeumia alikuwa na kosa lake mwenyewe, na akiliona atapunguza malipo kwa kadiri ya kosa hilo.

Aliyeumia kazini, kwa mfano katika mashamba ya maua na kahawa huko Usa River, ana njia nyepesi zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2015 uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayeuchangia, wala hana ruhusa kuikata fedha hiyo katika mshahara. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosa. Yatosha kwamba aliumia akiwa katika kazi yake. Lakini taarifa itolewe ndani ya miezi 12, la sivyo haki hiyo hupotea. Msimamizi akisema, “Pumzika, tutaona,” mfanyakazi aombe taarifa iandikwe siku ile ile, naye abaki na nakala.

Mwisho twataja wale wanaokaa kwenye malango ya hospitali, waitwao vishoka, wajifanyao mawakili na kudai nusu ya fidia. Wakili wa kweli ana cheti chake, na huulizwa akionyeshe. Asiye na fedha za wakili na aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yake wapi walipo watoa msaada wa kisheria walioandikishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Hao husaidia bila malipo.