Vifaa vya nyumbani visitusemeshe kwa mafumbo

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu aliye mzito wa kuelewa, lakini siku hizi naona kana kwamba watengenezaji wa vifaa vya nyumbani wameigeuza kuwa kanuni ya biashara yao. Wanatuuzia vifaa vinavyowasiliana vyenyewe kwa vyenyewe usiku na mchana: balbu na simu, kihisi na king'ora, mita na kidude chake cha kuingizia tokeni. Kisha mawasiliano hayo yakikatika, kifaa hutuandikia maneno mawili ya Kiingereza, au hupepesa kijitaa chekundu mara tatu na kunyamaza. Mwenye nyumba hubaki gizani, na sizungumzii giza la taa pekee.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu mwenyewe. Mnamo Aprili 2025 nilimwekea mama yangu huko mashambani taa mbili za kujiwasha: moja mlangoni, na nyingine kwenye njia ya kwendea msalani. Macho yake yamepungua nuru, nami nilichelea asije akajikwaa usiku. Taa hizo hupokea amri kwa mtandao wa waifai, na kwa simu yangu nilizipangia ziwake saa kumi na mbili unusu jioni na kuzimika alfajiri. Nikarejea Nairobi nikijiona mwana mwema. Wiki tatu hazikwisha kabla mama hajanipigia simu.

"Mwanangu, zile taa zako zimekufa. Fundi amekuja mara mbili, nimemlipa, na giza bado ni lile lile. Na hiki kidude cha tokeni nacho kimeandika Kizungu, sijui kinanitukana?"

Nilipofika Jumamosi iliyofuata nilikuta kasoro tatu zilizo mbalimbali kabisa, ambazo mama na fundi wake walikuwa wamezipa jina moja tu: kuharibika. Hapakuwa na kifaa hata kimoja kilichoharibika. Ndiyo maana nimeona vyema kuandika kuhusu jambo hili, si kama fundi wa stima, kwa maana sina cheti hicho, bali kama mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza kwa nini ujumbe hufika au hukosa kufika.

Mwaka 1948 mhandisi wa Marekani, Claude Shannon, alichapisha nadharia iliyoonyesha kuwa kila mawasiliano yana mtumaji, mkondo na mpokeaji, na kwamba katika mkondo huo kuna kelele inayoweza kuuharibu ujumbe. Mwaka 1960 mwanaisimu Roman Jakobson naye alieleza kuwa mawasiliano hutegemea mambo sita: mtumaji, mpokeaji, ujumbe, muktadha, mkondo na msimbo, yaani lugha wanayoielewa wote wawili. Wanafunzi wetu huyakariri haya kwa ajili ya mtihani. Laiti wangejua kuwa yanafaa vilevile sebuleni! Kifaa kikigoma, yatupasa tuulize maswali matatu, na tuyaulize kwa utaratibu: Je, kina nguvu za kuzungumza? Je, mkondo uko wazi? Je, anayesema na anayesikiliza wanatumia msimbo mmoja?

Tuanze na nguvu. Taa ya mlangoni ilikuwa nzima, ila mama alikuwa akiizima kwa swichi ya ukutani kila alfajiri. Na kwa nini asiizime? Mtu aliyewalea watoto kwa kipato kidogo hufundisha nyumba nzima kuzima taa. Balbu ya kawaida huhitaji umeme ili iangaze tu. Balbu hii huhitaji umeme ili isikie pia. Ukiizima ukutani huwa umeiziba masikio, na amri utakayoituma kwa simu jioni haitamkuta mtu. Jambo hilo nililijua, lakini sikumwambia. Hilo ndilo kosa la kwanza, na lilikuwa langu.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, kwanza tuulize ikiwa kifaa kimekula. Swichi ya ukutani imewashwa? Kifaa kingine kikichomekwa kwenye soketi ile ile kinafanya kazi? Kama ni kifaa cha betri, tusidanganywe na betri inayoonekana nzima. Kihisi cha mlango hulala karibu muda wote na kutumia umeme kidogo mno, lakini kinapotuma ujumbe hubugia umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Betri iliyochoka ni kama mzee anayeweza kuketi barazani kutwa nzima lakini akapungukiwa na pumzi pindi apandapo ngazi. Ibadilisheni kwanza, ndipo mkitilie shaka kifaa. Aidha, kifaa kinachofanya kazi adhuhuri na kugoma saa moja unusu jioni, wakati majirani wote wanapika na kutazama runinga, yamkini hakina ugonjwa wowote. Kina njaa tu, kwa kuwa umeme umedhoofika.

Kuna na njaa nyingine iliyofichika ukutani. Katika nyumba nyingi zilizojengwa kwa utaratibu tuliourithi kutoka kwa Waingereza, waya wa kuurudisha umeme haufiki kwenye swichi. Huishia darini penye taa. Swichi nyingi za kisasa zinauhitaji waya huo ili zibaki macho hata taa inapozimwa. Mtu huinunua swichi kwa bei ya juu, akaifunga, ikakataa kuwaka au ikaifanya taa ipepese, naye akadhani ameuziwa bandia. Kazi ya nyaya za ukutani tumwachie fundi mwenye leseni, lakini swali hilo tuliulize dukani kabla ya kutoa pesa.

Sasa tuje kwenye mkondo. Mita ya mama iko nje juu ya mlingoti, na kidude chake kiko ndani. Hakuna waya wa pekee unaoviunganisha, na wengi hawajui kuwa aina nyingi za vidude hivi huzungumza na mita kupitia nyaya zile zile zinazoleta umeme. Wazo hilo si geni. Mwaka 1975 wahandisi wa kampuni ya Pico Electronics, katika mji wa Glenrothes kule Uskochi, walibuni mfumo wa X10 wa kuwasha na kuzima vifaa kwa ishara zilizopitia nyaya za nyumba. Umeme wetu hupanda na kushuka kama wimbi, na kila wimbi linapopita kwenye sifuri kuna utulivu mfupi. X10 iliutumia utulivu huo kupenyeza ishara zake za kilohezi 120, kama mtu mwenye adabu anayengoja ngoma itulie ndipo aseme neno.

Tatizo ni kwamba ngoma siku hizi hazitulii. Chaja za bei rahisi, baadhi ya balbu na hata runinga huvujisha kelele kwenye nyaya. Kidude cha mama kilichomekwa kwenye ekstensheni moja pamoja na runinga na chaja mbili za simu. Nilikichomoa, nikakipeleka kwenye soketi iliyo karibu na swichi kuu. Kikakaa kimya kidogo, kisha kikaonyesha idadi ya yuniti zilizosalia. Kazi hiyo haikuchukua dakika mbili, na fundi alikuwa amelipwa mara mbili. (Vipo vidude vingine vinavyotumia mawimbi ya redio, hivyo huhitaji betri nzima na kutowekwa mbali mno na mita.)

La tatu ni msimbo. Taa ya njiani ilikuwa na umeme, na mtandao ulikuwepo, ila mpwa wangu alikuwa amebadilisha neno la siri la waifai baada ya kugundua kuwa kijiji kizima kinautumia. Taa ikaendelea kubisha hodi kwa neno la zamani, na mlango usifunguliwe. Hali kadhalika, balbu na plagi nyingi za bei nafuu husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, ukiviita kwa gigahezi 5 hazitakuitika. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, taa huamka upesi kuliko kile kisambazaji cha mtandao ambacho mafundi hukiita ruta. Ngojeni dakika tano kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya, kwa sababu kitufe hicho kikishikiliwa hukifanya kifaa kisahau kila kilichofunzwa.

Wasomaji wenye jamaa ughaibuni nao wana la kujihadhari. Vifaa vya mfumo wa Z-Wave vinavyouzwa Marekani hutumia megahezi 908, ilhali vya Ulaya hutumia megahezi 868. Ukiletewa kihisi kutoka Chicago na kitovu chake kutoka London, viwili hivyo havitasikizana kamwe, hata viwekwe meza moja. Isitoshe, umeme wa Marekani ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 240. Kifaa kilichotengenezewa ule peke yake, ukikichomeka huku, hutakuwa na haja ya kutafuta kasoro.

Hata tokeni zenyewe zina sarufi. Mita zetu za kulipia kabla ziliundwa kuhesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa na kikomo: Novemba 24, 2024. Ili kuianzisha upya, wateja walipewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini. Mawili ya kuifunza mita msimbo mpya, na la tatu la umeme walioununua. Yalipaswa kuingizwa kwa mpangilio, kwa kuwa mita ambayo haijafunzwa msimbo mpya haiwezi kulielewa fungu linalofuata. Mtu aliyeelezwa hivyo hakuhitaji msaada. Asiyeelezwa alidhani pesa zake zimeliwa.

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha malalamiko yangu. Watengenezaji wamejitahidi sana kuvipatanisha vifaa vyao. Mwaka 2022 kampuni kubwa za teknolojia zilizindua msimbo mmoja uitwao Matter, ili balbu ya huyu iweze kuelewana na swichi ya yule, mithili ya ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Hilo ni jema. Lakini katika jitihada zote hizo, mhusika mmoja wa mawasiliano amesahauliwa, naye ni mwenye nyumba.

Mama yangu husoma Kiswahili bila kigugumizi. Yeye ndiye aliyenifunza herufi. Maneno yale aliyodhani ni matusi yalikuwa na maana ya kwamba kidude kimeshindwa kuipata mita. Kama yangeandikwa "Sijaipata mita", angalijua mara moja kuwa ugonjwa hauko kwenye pesa zake wala kwenye tokeni. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Tukivisoma vifungu hivi viwili kwa pamoja, naona vigumu kuelewa kwa nini kifaa kinachouzwa kijijini kiruhusiwe kutoa onyo kwa lugha asiyoijua mnunuzi.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Huo ni uvivu. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, imewasemesha watu kwa Kiswahili kuhusu pesa zao: tuma, toa, lipa. Wala haijasikika kuwa pesa zilikataa kwenda. Wanaodai kuwa kioo cha kidude ni kidogo mno nao wachapishe kadi ya kubandikwa ukutani. Mashirika yanayosimamia ubora wa bidhaa yana uwezo wa kulidai jambo hili kabla bidhaa haijaingia dukani.

Sisi wataalamu wa lugha nasi tusijitoe katika lawama. Tumepoteza makongamano mengi tukibishana iwapo mashine ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta, ilhali vifaa viliingia majumbani vikizungumza lugha ya watu wengine, na hakuna aliyetuuliza kwa sababu hatukuwa tumejitokeza.

Jumapili ile kabla ya kuondoka, nilibandika utepe juu ya swichi ya mlangoni, kisha nikachukua kipande cha katoni nikaandika kwa herufi kubwa: "Taa isizimwe ukutani. Taa ikigoma, tazama swichi kwanza. Kidude kikiandika Kizungu, kichomeke peke yake karibu na swichi kuu. Stima ikirudi, ngoja dakika tano. Neno la siri likibadilishwa, nipigie simu." Mama aliisoma mara moja, akaniuliza kwa nini sikuiandika mwezi wa Aprili. Sikuwa na jibu.

Mwezi wa Julai kidude kiligoma tena. Hakumwita fundi wala hakunipigia mimi. Alinisimulia tu baadaye, katikati ya habari za mahindi, kwamba alikihamisha soketi na kikasema. Katoni ile ilinigharimu nusu saa na wino wa kalamu. Je, kampuni inayouza vifaa kwa maelfu ishindwe na kazi ya nusu saa?