Titus Simba: Bondia wa Medali ya Fedha Tuliyemsahau

Mpendwa msomaji, hebu muulize mtoto wako akutajie Watanzania waliong'ara katika michezo duniani. Huenda atamtaja Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo mwaka 2025. Akiwa amefundishwa vizuri atamtaja Filbert Bayi, Suleiman Nyambui na mzee wetu John Stephen Akhwari. Sasa muulize swali moja zaidi: ni nani aliyeiletea Tanzania medali ya kwanza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola? Hapo wengi hunyamaza, wakubwa kwa wadogo.

Jibu ni Titus Simba. Hakuwa mkimbiaji, alikuwa bondia. Aliipata medali ya fedha mjini Edinburgh, Scotland, mwezi Julai mwaka 1970, katika uzito wa kati, yaani mabondia wasiozidi kilo 75.

Nilianza kumfuatilia mtu huyu kwa sababu ya vijana wetu wa hapa Lizaboni. Jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, baadhi yao hufunga gunia lililojazwa nguo kuukuu kwenye mti na kulipiga ngumi hadi giza linapoingia. Akina mama wawili walinijia wakitaka mimi, nikiwa muuguzi, niwakataze. Nilipokwenda kuzungumza na vijana wenyewe, mmoja wao aliniuliza kwa adabu kama kuna Mtanzania yeyote aliyewahi kufika mbali kwa ngumi. Niliona kwamba swali la mama na swali la kijana yote mawili yanastahili jibu.

MEXICO, 1968

Safari ya Simba tunaweza kuanza kuifuata katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 katika Jiji la Mexico. Tanzania ilipeleka timu ndogo sana. Nchi yetu ilikuwa na miaka saba tu tangu Uhuru wa Tanganyika na minne tangu Muungano. Jiji lile liko juu sana, kiasi cha meta 2,240 kutoka usawa wa bahari. Ni karibu mara mbili ya mwinuko wa Songea. Hewa ya huko ni nyepesi, na mtu asiyeizoea huhema upesi.

Katika michezo hiyo ndipo Akhwari alipoanguka katika mbio za marathoni, akaumia goti na bega, na bado akaendelea hadi mwisho. Alifika wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari hiyo tunaijua sote.

Wachache wanajua kwamba mwenzake Akhwari katika timu hiyo hiyo alipanda ulingoni kupambana na Mwingereza aliyeitwa Chris Finnegan. Finnegan alikuwa kibarua wa kubeba matofali kwenye majengo. Pambano lilikwenda hadi mwisho na majaji wote watano wakampa Finnegan ushindi. Simba akatolewa. Kwenye kitabu cha matokeo ni mstari mmoja tu.

Lakini mfuate huyo Finnegan uone alikofika. Baada ya kumshinda Simba alimshinda Mjerumani, kisha Myugoslavia Mate Parlov, kisha Mmarekani Al Jones. Katika fainali alimshinda Mrusi Aleksei Kiselyov kwa tofauti ya jaji mmoja tu, watatu kwa wawili. Akarudi kwao na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Kwa hiyo Mtanzania wetu alikuwa ameanza Olimpiki yake kwa kukutana na bingwa mwenyewe.

EDINBURGH, 1970

Simba hakukata tamaa. Miaka miwili baadaye alikwenda Edinburgh na timu ya Tanzania. Wakati huo ngumi za ridhaa zilikuwa za raundi tatu, kila raundi dakika tatu, na mabondia hawakuvaa kinga ya kichwa. Ukumbi wa ngumi ulikuwa Murrayfield, mahali ambapo kwa kawaida watu huteleza juu ya barafu.

Pambano kwa pambano, Simba alifika fainali. Aliyemkuta huko alikuwa tena Mwingereza. Huyu alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka Liverpool, aitwaye John Conteh, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Basi siku ile, katika ulingo wa Scotland, walisimama mtoto wa Tanzania na mtoto wa baba wa Afrika Magharibi aliyezaliwa Uingereza. Conteh alishinda, akachukua dhahabu. Simba akachukua fedha.

Tanganyika ilikuwa imeshiriki michezo hiyo mjini Perth mwaka 1962, na Tanzania ilikwenda Kingston mwaka 1966, lakini timu zetu zilirudi mikono mitupu. Ya Simba ndiyo ikawa ya kwanza. Bayi alikuja baada yake, aliposhinda meta 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia. Bondia wetu mwingine, Michael Yombayomba, alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, miaka 28 baada ya Edinburgh.

WAINGEREZA WAWILI NA MTU ALIYE KATIKATI

Finnegan na Conteh wote wawili waliingia katika ngumi za kulipwa, wakapanda uzito. Mwezi Mei mwaka 1973 walikutana Wembley, London. Conteh alishinda kwa pointi baada ya raundi 15. Mwaka uliofuata walirudiana na Conteh akashinda tena. Tarehe 1 Oktoba 1974 Conteh alimpiga Jorge Ahumada wa Argentina kwa pointi, akawa bingwa wa dunia wa mabondia wasiozidi takriban kilo 79. Jina lake likaenea Uingereza nzima. Hata sura yake ilikuwa imekwisha kutokea kwenye jalada la santuri maarufu ya Paul McCartney ya mwaka 1973.

Basi tazama, mpendwa msomaji. Mwanamume mmoja kutoka Tanzania alipigana na Finnegan mwaka 1968, na na Conteh mwaka 1970. Wa kwanza akawa bingwa wa Olimpiki, wa pili akawa bingwa wa dunia. Waingereza wanapozisimulia habari za mabondia wao hao wawili, husimulia pia walivyopambana wao kwa wao. Mtu aliyewaonja wote wawili kabla hawajakutana hatajwi.

Mimi naona hapa kuna jambo la kutufundisha. Tumezoea kusema "alishindwa" kana kwamba neno hilo linatosha. Ni vyema tuulize pia: alishindwa na nani, na katika hatua gani? Mwanafunzi aliyekuwa wa pili katika mkoa mzima hatumwiti mjinga.

KWA NINI TULIMSAHAU?

Nilimwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpenzi wa michezo tangu ujana wake. Baada ya kumwamkia na kukaribishwa kiti, nilimwuliza kuhusu Simba wa ngumi. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba jina hilo kama aliwahi kulisikia redioni. Bayi alimkumbuka, na Akhwari alimweleza kana kwamba alimwona kwa macho.

Nadhani sababu ya kwanza iko hapo hapo, katika kuona. Kufika kwa Akhwari uwanjani, akichechemea na mguu uliofungwa bendeji, kulipigwa picha za filamu. Mtengenezaji filamu Mmarekani, Bud Greenspan, aliieneza habari hiyo duniani. Picha ile inaonyeshwa mpaka leo. Lakini huku nyumbani, Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Ushindi wa Edinburgh uliwafikia watu kwa redio na magazeti. Sauti ya redio hupita, na gazeti la jana hufungia maandazi.

Sababu ya pili ni mchezo wenyewe. Nchi yetu ilijulikana kwa mbio. Medali zetu mbili za Olimpiki, za Bayi na Nyambui mjini Moscow mwaka 1980, zote ni za mbio na zote ni za fedha. Ngumi watu wengi waliziona ni mchezo wa wahuni, na mzazi hakupenda kumwonyesha mtoto wake bondia kuwa mfano.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Hatuandiki. Medali inawekwa kabatini, picha haina jina nyuma yake, mzee anafariki na habari zake zinazikwa pamoja naye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima nayo ni mali.

JIBU KWA AKINA MAMA

Sasa nirudi kwa akina mama wale wawili. Hofu yao si ya kijinga, na kama muuguzi siwezi kuificha. Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu gumu. Ngumi nzito inapotua kichwani au kidevuni, kichwa hugeuka ghafla na ubongo hutikisika ndani yake. Tangu mwaka 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, alieleza katika maandishi ya kitabibu jinsi mabondia waliopigwa kichwani kwa miaka mingi wanavyoweza kuanza kupepesuka, kusema kwa shida na kupoteza kumbukumbu. Kofia ya kinga hupunguza kuchanika ngozi, lakini haizuii ubongo kutikisika. Na macho pia yamo hatarini: Finnegan mwenyewe alilazimika kuacha ngumi kwa sababu ya kuumia jicho.

Kwa hiyo niliwaambia vijana wetu mambo haya, na wewe mama unaweza kumwambia mwanao:

Mazoezi ya kuruka kamba, kukimbia na kupiga gunia yana faida kwa mwili, nayo hayahitaji kupigana kichwani.

Anayetaka kupigana na mwenzake ajiunge na klabu yenye mwalimu, glovu, kinga ya mdomo na kinga ya kichwa. Kupigana nyuma ya nyumba bila msimamizi ni hatari.

Aliyepigwa akazimia hata kwa sekunde chache, aache hapo hapo, na apelekwe kwa mganga siku ile ile. Asirudi ulingoni mpaka aruhusiwe na mganga.

Baada ya pigo la kichwa, mwangalieni kwa saa 24 au zaidi. Akitapika mara kwa mara, akiumwa kichwa kinachozidi, akichanganyikiwa, akisinzia na kuwa vigumu kumwamsha, akipata degedege, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, msingoje asubuhi. Mkimbizeni hospitali.

Usimpe kijana aliyeumia kichwa pombe wala dawa za usingizi, maana zitaficha dalili.

Haya yanawahusu mabinti pia. Tangu Olimpiki ya London mwaka 2012 wanawake nao hupigana ngumi katika michezo hiyo, na kuna wasichana wetu wenye hamu hiyo.

Mama mmoja aliniuliza kama basi ninaupenda mchezo huu au ninauchukia. Nilimjibu kwamba napenda kijana anayejifunza kujitawala, kulala mapema na kukataa pombe, lakini siwezi kupenda pigo lolote la kichwani. Mambo hayo mawili nimeyaacha yakae pamoja, maana yote ni kweli.

SONGEA INAJUA KUKUMBUKA

Mji wetu si mgeni wa kukumbuka. Kila Februari tunakusanyika Mahenge, hapa Songea, kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kuna makaburi, kuna sanamu, kuna makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa kuona. Hata uwanja wetu wa mpira unaitwa Majimaji. Mashujaa wale nao walishindwa vitani, lakini hakuna mtu wa Songea anayewaona si kitu kwa sababu hiyo.

Basi tufanye hivyo pia kwa mambo madogo, kila mmoja nyumbani kwake. Chukua picha za zamani za familia, andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi ni nani, wapi na mwaka gani. Medali, vyeti na barua zifungwe katika nailoni, zihifadhiwe mahali pakavu palipo mbali na mchwa. Vijana wa kanisani wapewe kazi ya kuwatembelea wazee na daftari, wawaulize walicheza nini, waliimba wapi, walimzalisha nani usiku wa mvua. Mwalimu anayegawa wanafunzi katika vikundi vya michezo, kikundi kimoja na akiite Simba, kisha awaeleze watoto kwamba hazungumzii mnyama wala timu ya Kariakoo.

Kijana aliyeniuliza lile swali nilimpa jibu lake kwenye kipande cha karatasi: Titus Simba, medali ya fedha, uzito wa kati, Edinburgh, 1970. Alilisoma mara mbili, akauliza kwa nini shuleni hawakuambiwa. Swali hilo, wapendwa, nawaachia ninyi wazazi na walimu mlijibu.