Angalia Kope Kabla ya Kununua Dawa

Mama msikilizaji, leo tunaingia zizini, kwa maana kondoo akifa, karo ya watoto huenda naye.

Wako minyoo wanaokaa tumboni mwa kondoo na kumnyonya damu. Wengi wetu hunywesha kundi zima dawa, mara kwa mara. Lakini minyoo wachache wasiokufa ndio hubaki kuzaana, na mwishowe dawa hiyo haiwawezi tena. Kipimo kidogo huharakisha jambo hilo.

Afadhali kumtibu anayeugua. Vuta kope yake ya chini uangalie ndani. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa imepauka au nyeupe, mpe dawa upesi. Huko Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi tano ya kulinganishia, iitwayo FAMACHA.

Mbona basi wengi hawafuati njia hii? Si uvivu. Nani hataogopa kumwacha kondoo bila dawa? Kuwashika mmoja mmoja nako ni kazi. Tena mara nyingi baba ndiye huenda mafunzoni, ilhali anayewaona kondoo kila asubuhi ni wewe. Wengine hubadilika tu baada ya kuona kwa jirani.

Uzao pia una maana. Dorper ana mwili mkubwa, lakini majaribio ya Diani, Pwani, miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kondoo mwekundu wa Kimaasai hustahimili minyoo zaidi.

Na ukishampa kondoo dawa, usimchinje kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha.