Wanawake na Muziki wa Nakivale

Wenzangu kadha wameniuliza kwa nini napenda jioni moja ya muziki wa wanawake ifanywe Mbarara. Najibu hapa. Makazi ya Nakivale, kusini ya mji huo, yamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950: kwanza Wanyarwanda, kisha Warundi, Wakongo, Wasomali na wengineo, na kila kabila lilikuja na nyimbo zake. Wanawake wa Kirundi wana akazehe, yaani salamu ya kuimbwa. Wawili hukumbatiana, sauti zao zikapokezana upesi hata hujui ipi ni ya nani. (Jaribuni bwenini, mtacheka!)

Inanga ya Rwanda ni ubao mrefu wenye uzi mmoja uliopitishwa huku na huko. Sophie Nzayisenga alifunzwa kuipiga na babake.

Kwa ngoma mambo ni magumu. Mwaka 2014 UNESCO iliziandika ngoma za Kirundi katika urithi wa wanadamu. Mwaka 2017 amri ya Rais wa Burundi ikawakataza wanawake kuzipiga. Lakini huko Huye, Rwanda, wanawake wa Ingoma Nshya wanapiga tangu 2004. Binti wa Kirundi aliyekulia Nakivale hafungwi na amri ile, ingawa huenda wazee wake wakamkataza. Mimi ningempa mikwiro, tena mbele ya watu.