Maarifa Yanayoiwezesha Roboti Kupata Maziwa

Mtoto wa miaka minane ukimtuma maziwa, ataelekea kwenye friji bila kuuliza. Roboti ya kuhudumia wagonjwa, hata ikiwa na kamera nzuri na mikono imara, inaweza kukwama palepale, kwa sababu agizo halikutaja friji wala mlango wake. Inachokosa ni akili ya kawaida, yaani yale mambo ambayo binadamu hatuyasemi kwa kuwa kila mtu anayajua.

Katika andiko la mwaka 1959, John McCarthy, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, alipendekeza mambo hayo yaandikwe kwa lugha ya mantiki ili kompyuta iyatumie kufikia uamuzi. Mwaka 1984 Douglas Lenat alianzisha mradi wa Cyc huko Texas, Marekani, na kwa miaka mingi wataalamu wake waliandika mamilioni ya kauli za namna hiyo.

Kwa upande wa roboti, Moritz Tenorth na Michael Beetz wa Ujerumani walitengeneza mfumo wa KnowRob. Ndani yake kila kitu kina kundi lake, sifa zake na uhusiano wake na vitu vingine. Roboti ikitafuta maziwa hupita hatua kwa hatua: maziwa ni chakula kinachoharibika, chakula kinachoharibika hutunzwa kwenye friji, friji ina mlango, mlango una mpini wa kuvuta. Kwa kuwa kila hatua imeandikwa, roboti ikikosea mtaalamu anaweza kuona imekosea wapi. Mahali penye wagonjwa, hilo ni suala la usalama.

Januari 2014, mjini Eindhoven, Uholanzi, mradi wa RoboEarth ulionyesha roboti nne zikishirikiana katika chumba kilichopangwa kama wodi. Zilitumia hazina moja ya maarifa kwenye intaneti, ili inachojifunza moja kizifae nyingine.

Hata hivyo, kila kanuni ina mwandishi, na mwandishi ana jiko lake. Katika nyumba isiyo na friji, maziwa huchemshwa yakaachwa kwenye sufuria iliyofunikwa, au yakamiminwa kwenye chupa ya chai. Roboti inayojua friji tu itarudi mikono mitupu. Uzuri wa maarifa yaliyopangwa ni kwamba pengo kama hilo huzibwa kwa kuongeza kauli chache, bila kuifundisha roboti upya. Ndiyo maana wauguzi na familia zinazouguza wanapaswa kushirikishwa tangu kanuni hizo zinapoandikwa.