Nani Alishika Daftari? Vinara wa Chati, kutoka London hadi Taita

Mwaka 1964, 1965 na 1966, wimbo haukufika namba moja Uingereza kwa kupendwa tu. Ilibidi kwanza uhesabiwe. Magazeti ya muziki ya London yaliuliza maduka teule ya santuri yameuza nini wiki hiyo, yakajumlisha majibu, kisha yakachapa orodha. Duka lililoulizwa lilikuwa na sauti. Lisiloulizwa lilikuwa kama halipo. Huku kwetu Taita, Kenya, nyimbo zilipita Voi kwa redio na kwa mizigo ya wasafiri wa Mombasa na Nairobi, zikapanda hadi mlima wa Mbololo, zikachezwa harusini mpaka alfajiri. Hakuna aliyekuja na kalamu kuuliza ni ngapi.

Kwa hiyo orodha hii ya vinara ina maswali mawili kwa kila kibao. La kwanza ni lile la kawaida: nani alipita wenzake? La pili ni nani aliyeshika daftari, na jina la nani liliandikwa kwenye lebo. Ukiuliza yote mawili, Taita inajitokeza mahali ambapo wengi hawakuitarajia.

Kilichouza kuliko vyote

Miaka yote ya 1960, hakuna santuri ya nyimbo mbili iliyouzwa Uingereza kuliko "She Loves You" ya Beatles. Ilitoka Agosti 1963, ikauza karibu nakala milioni 1.9, na ikakaa na taji hilo miaka 14. Aliyekuja kulivua ni mmoja wa walioutunga: Paul McCartney, akiwa na kundi lake la Wings na wimbo "Mull of Kintyre" wa mwaka 1977.

Afrika Mashariki haikuwa na chati ya kulinganisha. Kipimo chetu kilikuwa santuri ya dhahabu, na miongoni mwa walioipata ni Gabriel Omolo kwa "Lunch Time", kibao cha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana na mifuko mitupu. Omolo alikuwa amepitia Equator Sound Band ya Nairobi. Shika jina hilo la Equator, tutalirudia.

Aliyewashangaza wote

Ukimwambia kijana ataje wimbo uliouza kuliko yote Uingereza mwaka 1965, atataja Beatles au Rolling Stones, na atakosa. Aliyewapita ni Ken Dodd, mchekeshaji wa Liverpool, kwa wimbo wa taratibu uitwao "Tears". Ulikaa kileleni wiki tano na kuuza zaidi ya milioni moja. Katika nyimbo tano zilizouza zaidi mwongo ule mzima, nne ni za Beatles na iliyobaki ni hiyo ya mchekeshaji. Vijana walipiga kelele, lakini wazazi wao nao walikuwa na pesa, na dukani pesa ya mama hupokelewa sawa na ya mwanawe.

Uliokuwa wa kwanza na wa pili kwa wakati mmoja

Mwanzoni mwa 1963, "Please Please Me" ya Beatles ilikuwa namba moja kwa gazeti la NME na kwa Melody Maker. Katika orodha ya Record Retailer, iliishia namba mbili. Mwaka 1966 yaleyale yakawapata Rolling Stones: "19th Nervous Breakdown" ilikuwa ya kwanza kwa NME na ya pili kwa Record Retailer. Kila gazeti lilikuwa na maduka yake na hesabu zake. Orodha moja iliyokubaliwa na wote haikuwepo mpaka Februari 1969, kampuni ya utafiti wa soko ilipopewa kazi ya kukusanya mauzo ya maduka 300. Vitabu vya kumbukumbu vilivyoandikwa baadaye vilifuata Record Retailer kwa miaka iliyotangulia, na kwa uamuzi huo Beatles wakanyang'anywa namba moja ambayo mashabiki wao waliisoma gazetini kwa macho yao.

Kwa hiyo hata London kwenyewe, penye maduka, simu na wahasibu, ushindi ulitegemea daftari lililofunguliwa.

Lebo yenye nafasi finyu kuliko zote

Julai 1964, kundi la Animals kutoka Newcastle lilifika namba moja kwa "The House of the Rising Sun". Wimbo ulikuwa wa dakika nne na nusu, wakati vibao vingi vya siku hizo vilikwisha kwa dakika mbili na ushei. Walirekodi kwa mara moja tu, wakaondoka studio.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kale, hauna mtunzi anayejulikana, kwa hiyo fedha za utunzi zilikwenda kwa aliyeandikwa kuwa ameupanga upya. Wanamuziki walikuwa watano, lakini kwenye lebo liliandikwa jina moja tu, la mpiga kinanda Alan Price, na mirabaha ikamfuata yeye. Wenzake walilalamika kwa miaka mingi. Yaliyotokea Newcastle yalikuwa yakitokea Nairobi katika miaka ileile, ila Nairobi madai yalivuka mpaka wa nchi.

Uliopita midomo mingi kuliko yote

Hapa Taita haina mshindani. Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa Taita wa mwaka 1938, alirekodi "Malaika" na kundi lake la Jambo Boys. Mwaka 1963 akaurudia kwa Equator, kampuni ya Nairobi ya Charles Worrod, na toleo hilo ndilo lililosambaa. Kisa chake kinaeleweka Mbololo bila mkalimani: kijana ana mapenzi ya kutosha lakini hana mahari.

Kisha wimbo ukaanza safari. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Pete Seeger wa Marekani aliuimba. Mwaka 1967 Hep Stars wa Sweden waliutoa kwa santuri, na aliyekuwa kwenye kinanda ni Benny Andersson, ambaye miaka saba baadaye alikuwa na ABBA wakichukua taji la Eurovision na namba moja ya Uingereza. Mwaka 1981 Boney M wakaupeleka kwenye chati za Ujerumani. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Angélique Kidjo wa Benin. Hakuna wimbo mwingine wa Kiswahili uliobebwa na majina makubwa hivyo kutoka mabara mengi hivyo.

Lakini ukifungua ukurasa wa mtunzi, unakuta ugomvi. Adam Salim wa Tanganyika alidai kuwa aliutunga tangu miaka ya 1940. Lucas Tututu wa Mombasa naye hutajwa. Fadhili alishikilia kuwa ni wake mpaka alipofariki Februari 2001. Hakuna anayebisha kwamba yeye ndiye aliyeupa sauti iliyotambulika duniani. Hakuna anayebisha pia kwamba fedha nyingi zilizozunguka na wimbo ule zilipita mbali na nyumba za wote waliodai kuutunga. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ilitungwa mwaka 1966, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki kikaanzishwa mwaka 1983. Kufikia hapo "Malaika" ulikuwa umezunguka dunia miaka ishirini.

Watu wa Mbololo wana mfano wa karibu. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka Ulaya ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara, likauzwa, likajaa madirishani mwa nchi za baridi, likaitwa Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Ndugu ya ua hilo, lililopewa jina Saintpaulia teitensis, huota porini kwenye mlima wa Mbololo na si kwingine duniani. Mlima umelilea bila kuulizwa, na jina la mbele likawa la mgeni. "Malaika" nao ulikwenda hivyohivyo, ukitoka kwenye milima ambayo msikilizaji wa Berlin au Stockholm hakuwahi kuisikia.

Uliopanda juu zaidi Uingereza kutoka studio ya Nairobi

Equator Sound Band iliongozwa na Fadhili William, na ndani yake walikuwemo Daudi Kabaka na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Walipiga twisti, wakiichanganya na miondoko ya kwela ya Afrika Kusini. Kabaka akaja na "Helule Helule".

Uingereza kulikuwa na kundi la Tremeloes, kutoka Dagenham. Hawa wana rekodi yao ya ajabu: Januari 1962, kampuni ya Decca ilisikiliza makundi mawili, ikawachukua wao na kuwaacha Beatles. Walifika namba moja mwaka 1963 wakiwa na mwimbaji Brian Poole, na tena mwaka 1967 bila yeye. Mwaka 1968 wakauchukua wimbo wa Kabaka, wakauimba kwa Kiingereza na kubakiza kiitikio, ukafika namba 14 katika chati ya Uingereza.

Namba 14 si namba moja. Hata hivyo, fikiria umbali. Wimbo uliopigwa na bendi ya Nairobi ulizishinda kwa wiki kadhaa mamia ya santuri za Waingereza wenyewe, nyumbani kwao. Daftari lile lile ambalo halikuwahi kuuliza Voi wala Nairobi likalazimika kuandika kazi ya Kabaka, japo kwa midomo ya watu wengine. Kabaka alifariki mwaka 2001, mwaka uleule aliofariki Fadhili.

Wazaliwa wa huku waliofika mbali zaidi

Mwaka 1964, mwaka uleule Animals walipofika kileleni, familia ya Bulsara iliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi na kuhamia Feltham, nje kidogo ya London. Kijana wao, Farrokh, aliyezaliwa Unguja Septemba 1946, baadaye alijiita Freddie Mercury. "Bohemian Rhapsody" ya kundi lake la Queen ilikaa namba moja wiki tisa kuanzia Novemba 1975, ikarudi kileleni Desemba 1991, wiki chache baada ya kifo chake. Ndiyo rekodi ya kwanza kuongoza chati ya Krismasi ya Uingereza mara mbili.

Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1936, alifika namba mbili mwaka 1975 kwa "The Last Farewell". Alipungukiwa ngazi moja tu.

Uliovuma zaidi kwa lugha ya nyumbani

Habel Kifoto alikuwa Mtaita na mwanajeshi. Aliongoza Maroon Commandos, bendi ya kikosi cha Jeshi la Kenya iliyoundwa mwaka 1970. Walipiga vibao vingi vya Kiswahili, lakini mwaka 1977 waliwashika Wakenya kwa "Charonyi ni Wasi", ulioimbwa kwa Kidawida, lugha ya Wataita, watu walio wachache sana nchini. Watu wa Kisumu na Nyeri waliucheza bila kuelewa maneno. Wataita waliokuwa wakitafuta riziki Mombasa na Nairobi waliyaelewa vizuri, kwa sababu ulisema taabu za aliye mbali na kwao. Kifoto alifariki mwaka 2011, na wimbo ule bado unapigwa. Ukinilazimisha nichague namba moja ya Taita, nitaweka huu juu ya "Malaika", kwa sababu hauna kesi: mwimbaji anajulikana, lugha ni ya kwao, na hakuna aliyewahi kuudai.

Waliobeba tuzo

Albamu ile ya Belafonte na Makeba yenye "Malaika" ilishinda Grammy mwaka 1966. Mwaka 2011, "Baba Yetu" ya Mmarekani Christopher Tin, ambayo ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ikawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda Grammy. Kiswahili kilikuwepo mara zote mbili.

Rekodi ambayo bado iko wazi

Mpaka leo, hakuna wimbo wa Kiswahili uliofika namba moja Uingereza. Mwaka 1989 "Liberian Girl" ya Michael Jackson, yenye maneno machache ya Kiswahili yaliyotamkwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ilifika namba 13, ngazi moja tu juu ya "Helule Helule".

Tangu Julai 2014, chati ya Uingereza huhesabu pia nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni, lakini zile zinazosikilizwa ndani ya Uingereza tu. Kijana wa Tausa, huku Taita, akiucheza wimbo wake mara elfu, daftari la London halitasogea. Shangazi yake anayefanya kazi Leeds akiucheza mara moja, umehesabiwa. Mwenye nia ya kuchukua rekodi hii, basi, awatafute Waswahili wa Uingereza na kuwaomba wabonyeze. Kabla ya hapo asajili wimbo, aandike majina ya wote waliouunda na mgao wa kila mmoja, kisha atunze nakala. Fadhili na Kabaka walikwisha kuthibitisha kwamba sauti ya huku inafika kule. Sehemu iliyowashinda ilikuwa ya karatasi.